Crown ya Shemeji Kwenye Kapu la Mavuno

Shemeji yangu Osea hajui kudai. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu, utaishia kusema yule mzee ni mjinga, na mtu akimwita shemeji yangu mjinga mbele yangu tunagombana. Mjinga namwita mimi peke yangu, nina haki hiyo. Alimwoa dada yangu Sekela, na Sekela alipotutoka, binti yao Dina nilimlea mimi hapa hapa Chapwa, Tunduma, akiniita mama mdogo mpaka siku ya mwisho ya maisha yake.

Hajui kudai kivipi? Sikiliza. Jirani yake aliazima ngazi. Ngazi nzuri ya mbao, imara, aliichongesha mwenyewe. Mvua zikaanza, bati la Osea likawa linavuja, na ngazi anaiona kwa macho yake imeegemea ukuta wa jirani. Unadhani aliifuata? Wapi! Alikwenda kwa fundi seremala akachongewa nyingine. Na jirani naye, kuona ngazi mpya, akaja kuiazima. Akapewa! Sasa jirani ana ngazi mbili na shemeji yangu ana ndoo inayokinga maji sebuleni. Nilimkaripia mpaka sauti ikakauka. Akanijibu jibu lake lile lile la siku zote, "Shemeji, mimi sitaki maneno."

Mtu wa namna hiyo alifanyaje kazi mpakani, mahali ambapo hata salamu ni ya kubishania bei? Hilo nalo ni muujiza. Alianza na kubeba mizigo begani, baadaye akawa wakala wa kutoa mizigo forodhani, na madereva wa malori walimtafuta kwa sababu hakuwa na longolongo. Amestaafu siku nyingi, lakini mpaka leo Wazambia wakija kula mgahawani kwangu wananiuliza, "Bashikulu bali kwi?" Yaani babu yuko wapi. Nawaambia yupo, anaosha gari.

Maana kazi yake ya kustaafu ilikuwa hiyo, kuosha gari. Toyota Crown nyeupe, ya zamani, ndefu kama siku ya njaa. Wanaiita gari dogo, lakini ni dogo kwa jina tu. Kiti cha nyuma wanakaa watu wazima watatu, wanene, na hakuna anayemgusa mwenzake goti. Viti vya rangi ya damu ya mzee, laini, ukikaa unasikia usingizi. Aliipata kwa jasho lake na aliipenda, jamani, aliipenda. Harusi gani Chapwa ilipita bila ile Crown? Waliipamba maua na riboni, bibi harusi akakaa nyuma na shela lake lote likaenea, shemeji akavaa koti na kofia yake ya kijivu, akaendesha polepole akipiga honi. Wengi walimlipa asante tu. Alikuwa haombi, nimeshakwambia.

Ni harusi hizo hizo zilizotuvunja.

Dina aliolewa na mwalimu Gasper wa huko Ndalambo, kijiji cha ndani, unaacha lami halafu unaingia porini kwenye barabara ya vumbi. Ujauzito wake wa kwanza. Uchungu ukamwanza kabla ya wakati wake, akampigia baba yake, "Baba njoo na gari." Shemeji alikuwa Vwawa na Crown imepambwa, bibi harusi yuko saluni anasukwa. Angefanya nini mtu mwingine? Angewaambia wenye harusi, samahani, mwanangu anaumwa, tafuteni gari lingine. Maneno mepesi. Yeye aliona aibu kuwaharibia watu shughuli. Akamwambia Dina, "Jikaze mwanangu, nikimfikisha bibi harusi ukumbini naja." Akamfikisha. Halafu akaenda Ndalambo na riboni zikipepea kwenye boneti, na njiani akamkuta mwanawe amelazwa kando ya barabara, pikipiki imesimama, Gasper amekaa chini kashika kichwa. Tuliwapoteza mama na mtoto, wote wawili.

Sitaki kuyazungumza sana hayo. Nilimchukia shemeji yangu kwa muda, nasema ukweli, na yeye alijua, na alikuja kula kwangu kila siku vile vile, na mimi nikampakulia vile vile. Crown aliifunika turubai. Kila aliyekuja kuiomba kwa harusi aliambiwa mbovu.

Basi siku moja akaja mgahawani, akanawa, akala, akasukuma sahani pembeni. "Shemeji Ferista, lile gari nataka kulitoa."

"Kuliuza?"

"Kulitoa. Kwa zahanati ya Ndalambo. Libebe wajawazito."

Nikakaa chini. Zahanati ile ina nesi mmoja, Atuganile, binti wa Mbozi mwenye moyo wa peke yake, na hata baiskeli hana. Nikamuuliza, Crown kwenye ile barabara itafika? Akasema ameshakwenda kuiangalia, imechongwa na greda, kiangazi inapitika, na masika mjomba wa Gasper, mwenye trekta, ameahidi kulivuta palipo na tope. Gasper ndiye atakayeendesha. Alikuwa amefikiria kila kitu. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu msiba. Nikalia pale pale mbele ya wateja, nikamwambia, "Dina angefurahi." Na ile chuki yangu ikaisha, hivi hivi, kama mtu aliyetua ndoo.

Sasa angempigia Gasper aje achukue gari, habari ingekwisha. Lakini sisi huku kitu cha kumkumbuka marehemu hakitolewi kimya kimya. Ukitoa kimya, kesho watu watasema umeuza, keshokutwa watasema Gasper kakuibia. Kinatolewa mbele za watu, jina la marehemu linatajwa, watu wanaitikia. Shemeji akaenda kwa Mchungaji, na Mchungaji akafurahi mno, akamwambia, "Mzee, lilete Jumapili ya mavuno. Nitalitangaza mwenyewe, tuliombee, liondoke na baraka."

Jumapili ya mavuno kwetu unaijua? Kama huijui nikueleze. Kila mtu analeta alichopata: mahindi, kahawa, maboga, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele kuliko kwaya. Vyote vinawekwa mbele, na baada ya ibada vinapigwa mnada palepale uani, fedha inajenga kanisa. Na mnada wa kanisa si mnada wa ng'ombe. Watu wanapandisha bei kwa kumheshimu mtoaji. Ukileta jogoo wako na watu wanakupenda, jogoo yule atanunuliwa, atarudishwa, atanunuliwa tena, mpaka mwenyewe anasikia kizunguzungu.

Siku ile Crown iling'aa. Aliiegesha mbele ya mlango wa kanisa, watu wakaizunguka wakiishangaa. Lakini asubuhi ile Mchungaji hakuwepo. Alikuwa ameitwa Ivuna kwenye mazishi, akaacha ibada mikononi mwa mzee wa kanisa, Mzee Rabson, mtu mwema, sauti kama baragumu, na hakumwachia neno lolote kuhusu gari. Alisahau. Mchungaji naye ni mtu.

Mimi nilikuwa kwaya. Nikaona shemeji anatoka kwenye benchi na funguo mkononi, anakwenda mbele. Nikajua sasa atasema. Atasema hili ni la kina mama wa Ndalambo, kwa jina la Dina. Akasimama mbele ya kapu. Akaangalia watu, akaangalia funguo. Kisha akaziweka kapuni, akainama kidogo, akarudi kukaa. Alidhani limeshajulikana. Alidhani Mchungaji alishamwambia Rabson.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mtu katoa gari zima kwenye mavuno! Haijapata kutokea! Na mimi mwenyewe nilipiga kigelegele, Mungu nisaidie, nikidhani Rabson atalitangaza baadaye.

Rabson alilitangaza, ndiyo. Uani, baada ya maboga.

"Gari la mzee wetu Osea! Nani anaanza?"

Nikamtafuta shemeji kwa macho, nikamwona amesimama nyuma, kofia mkononi. Watu wakaanza kutaja bei, na kila anayetaja anaanza na maneno matamu, "Mimi kwa kumheshimu mzee wetu," "Mimi mzee huyu alinipeleka kwenye harusi yangu bila kunidai." Walimpenda, ndilo lililoniuma. Kila aliyempenda alikuwa analisogeza gari mbali na Ndalambo, huku akicheka kwa furaha.

Shemeji akanyoosha mkono. Alitaka kulinunua mwenyewe! Gari lake! Na unajua watu walifanya nini? Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mzee anaupandisha mnada wake mwenyewe! Mpigieni makofi!" Wakampigia. Mkono ukashuka taratibu.

Mimi sikuvumilia. Nikapaza sauti, "Mzee Rabson, simamisha! Gari hilo ni la wajawazito wa Ndalambo!"

Rabson akatabasamu. "Mama kwaya, kama unaongeza, ongeza. Wajawazito tutawaombea."

Watu wakacheka tena. Nikamgeukia shemeji, "Sema basi! Wewe ndiye mwenye mali, sema!"

Akanishika mkono, mkono wake wa baridi. "Shemeji, kaa. Nimeshaweka mbele ya Mungu. Nitasimamaje niseme narudisha?"

"Hurudishi, unaeleza!"

"Sitaki maneno."

Gari likaenda kwa Lwitiko, kijana wa spea mwenye yadi kule kwenye njia ya Zambia. Alipofungua mlango wa Crown alimfuata shemeji, akampa mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, nimebarikiwa." Shemeji akamjibu, "Ubarikiwe, mwanangu." Halafu akaenda nyumbani kwa miguu. Nilitembea nyuma yake nikimtukana njia nzima.

Mchungaji aliporudi akasikia, alikuja mbio, karibu avunjike moyo. "Mzee, tuongozane kwa Lwitiko. Ataelewa." Shemeji akakataa katakata. Fedha imeshaingia kwenye ujenzi, kijana kanunua kwa halali, atakwenda kumwambia nini? Na alimwomba Mchungaji asimwambie Lwitiko chochote. Alimwapisha kabisa. Na mimi akaniambia nikikanyaga kwa Lwitiko hatakula tena kwangu. Nikamwambia asile, afe njaa, lakini sikwenda, maana nilimjua, angeacha kula kweli.

Kibaya kuliko vyote ni simu. Nesi Atuganile akapiga shemeji akiwa anakula kwangu, naisikia sauti yake mpaka nje, binti ana furaha. "Shikamoo baba. Gari lini? Nimeshawaambia kina mama huku!"

Na shemeji yangu, mzee mzima mwenye mvi, akasema, "Marahaba mwanangu. Linakuja. Linafanyiwa matengenezo kidogo."

Ebo! Nikampokonya ile simu, alikuwa ameshaikata. "Kwa nini unamdanganya mtoto wa watu?"

"Nitatafuta lingine," akasema, haniangalii. "Nitapata tu lingine. Nikimwambia sasa nitaonekana vipi?"

"Na akija mtu anaumwa?"

Alikuwa anamwona Dina, na mimi namwona Dina, tukabaki hivyo kila mtu na sahani yake. Kwa kweli alijaribu. Alizunguka kwa watu wenye magari mabovu, akauza hata cherehani ya marehemu dada yangu, hakupata kitu. Simu ya nesi ikawa inalia, na ya Gasper, naye akawa anazijibu vile vile, linakuja, linakuja. Kila mara alizidi kukonda.

Huko Ndalambo kulikuwa na mama mmoja, Kabula, mke wa Luhende, Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao miaka ya karibuni wakajenga bondeni. Mimba ya kwanza ilimsumbua, na nesi alishamwambia mapema: wewe usijifungulie huku, nenda Tunduma ukakae karibu na hospitali usubirie siku zako. Kabula akafunga vitu vyake kwenye kanga. Lakini kukaa mjini bila ndugu ni mateso na gharama, na habari ya gari ilikuwa imeenea mpaka bondeni. Akamuuliza nesi, na nesi akamwambia kwa moyo mweupe, "Basi bakia. Gari linakuja."

Kabula akafungua kanga yake, akabaki.

Kisha simu nyingine ya nesi ikaja mchana mmoja, shemeji amemega tonge. Nikaona tonge linarudi kwenye sahani. Kabula ameanza, hali si nzuri, anatokwa damu, Luhende anafunga ng'ombe kwenye mkokoteni kumleta mpaka lami. Pikipiki hawezi kupanda. "Baba," nesi alikuwa analia, "hata kama matengenezo hayajaisha, lilete hivyo hivyo."

Shemeji alisimama bila kunawa. Alitoka mbio na mkono wake wa ugali, mimi nyuma yake na aproni yangu, mpaka kwa Lwitiko. Tangu nimjue, sijapata kumwona akienda kuomba kitu. Alisimama mlangoni mwa yadi akihema, akasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuifahamu, "Lwitiko mwanangu, naliomba gari langu. Nirudishie. Naomba."

Lwitiko aliduwaa. Akatuongoza nyuma ya yadi.

Crown ilikuwa imekaa juu ya mawe. Haina matairi, boneti wazi, ndani patupu, unaona ardhi. Mashine ilishang'olewa, imefungwa kwenye gari jingine ambalo lilishavuka mpaka. Viti vile vya rangi ya damu ya mzee vilikuwa nje juani na kuku kalalia kimoja.

Shemeji akasimulia pale pale, yote, Dina, zahanati, kapu, mpaka Kabula. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Lwitiko alishika kichwa. "Mzee! Kwa nini hukusema? Ungesema siku ile ile uani ningekupa funguo zako mkononi. Mimi nililinunua kwa heshima yako tu. Lilikaa hapa zima muda wote huo, nimeling'oa juzi!"

Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake.

Lwitiko, Mungu amzidishie, alikuwa ameshawasha pikapu yake. Alituendesha mwenyewe, akikimbiza, mimi katikati, shemeji dirishani na kofia mapajani. Tukaacha lami, tukaingia kwenye vumbi. Tulipopita pale alipolazwa Dina siku ile, shemeji alifumba macho.

Tukaukuta mkokoteni mbele kidogo ya pale. Ng'ombe wamesimama. Luhende amesimama mbele yao na fimbo, anaangalia porini. Nesi Atuganile kakaa juu ya mkokoteni, gauni lake jeupe limeharibika lote, na mapajani pake kuna kanga iliyofungwa, ndogo, imefungwa mpaka juu. Mtoto akiwa hai hafungwi mpaka juu. Nikajua.

Kabula alikuwa hai. Amelala kwenye majani, uso wa majivu, midomo imekauka. Tulipomwinua kumhamishia kwenye pikapu alifumbua macho, akaiangalia ile pikapu yenye kutu, akamwangalia shemeji.

"Baba," akasema polepole, "ndilo gari lenyewe tulilokuwa tunalisubiri?"

Shemeji alipiga magoti kwenye vumbi. Mzee yule! "Hapana, mwanangu," akasema. "Silo. Lile niliona aibu kulidai. Nisamehe." Akalia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata kwa Dina. Kabula alishafumba macho tena, sijui kama alimsikia. Nesi alimsikia. Aliigeuza shingo akatazama upande mwingine, na mpaka tunafika hospitali hakumsemesha.

Kabula alipona. Mtoto walimzika kwao bondeni, na shemeji alikwenda akasimama mbali na kaburi, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nachambua mchele nje, nikasikia watoto wanapiga kelele barabarani. Nikainua kichwa. Shemeji yangu Osea anakuja, amebeba ngazi begani. Akaiegemeza ukutani kwangu, akarudi alikotoka, akaja na ya pili. Jasho linamtiririka. Alikuwa amekwenda kwa jirani, amegonga mlango, amezidai zote mbili.

"Shemeji," nikamwambia, "ngazi za nini sasa? Mvua zimeshaisha."

Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia, akaiangalia mikono yake.

"Si za kitu," akasema. "Nilitaka kujua kama ni kazi ngumu."

Nikamuuliza, na ilikuwa ngumu?

"Wala," akasema. "Alinipa tu."